Kijana wetu kavuka mstari wa kwanza, lakini saa imempa mwenzake. Mwenye maelezo aje

#1 KakaWaIgoma
Wakuu, mwadila. Jumapili tulikuwa upande wa Kisesa, huku Mwanza, kipande cha barabara ya vumbi kilichofungwa kwa kibali, mbio za dragi za pikipiki. Wawili wawili, mita 201, moja kwa moja. Mdogo wangu alikuwa na Boxer 150 yake, njia ya kulia. Kijani ikawaka, wakaondoka, na kila aliyesimama kule mwisho ameona kwa macho yake dogo kavuka mbele, kama nusu ya pikipiki. Mama kapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Dakika tano baadaye karatasi inasomwa: dogo 12.41, mwenzake 12.18. Mshindi ni mwenzake.

Nimeuliza, nikajibiwa mashine haina undugu. Sililii zawadi, ilikuwa tairi moja na oili. Ninachotaka ni kuelewa. Wote wawili wamewashiwa taa moja, huyu kafika mbele, halafu muda wake unakuwaje mrefu? Dogo tangu juzi hana raha, na mimi sina jibu la kumpa.

#2 MtuWaNyegezi
Saa mbovu. Uzi ufungwe.

#3 MwalimuFizikia
Usifungwe, hapa pana somo. Mtoa mada, pole. Kosa ni kudhani saa inaanza taa ya kijani ikiwaka. Haianzi hapo. Kijani ni ruhusa tu. Pale mstarini kuna mwale wa mwanga unaokata njia, tairi la mbele limeuziba. Saa ya kila mmoja inaanza tairi lake linapouachia mwale, na inasimama akikata mwale wa kule mwisho.

Chukua mabasi mawili stendi ya Nyegezi, yote yanakwenda Shinyanga. Moja limetoka saa 12 kamili, la pili dereva alikuwa anamalizia chai, katoka na dakika kumi. La pili likitumia dakika tano pungufu njiani, bado litafika nyuma. Ukiuliza nani kakimbia, ni la pili. Ukiuliza nani kafika, ni la kwanza. Karatasi yenu imejibu swali la kukimbia.

#4 KakaWaIgoma
Asante mwalimu. Kwa hiyo mwenzake alilala mstarini?

#5 MwalimuFizikia
Tupige hesabu. Mwisho wa mita 201 Boxer inakwenda kama kilomita 85 kwa saa, yaani karibu mita 24 kwa sekunde. Nusu ya pikipiki ni mita moja, hiyo ni sekunde 0.04. Karatasi inasema mwenzake kakimbia vizuri zaidi kwa 0.23. Jumlisha: mwenzake aliachia mwale sekunde 0.27 nyuma ya dogo. Kwa mtu asiye na mazoezi, hilo halishangazi.

#6 MzeeWaCapriPoint
Mwalimu kasema kweli, ila waandaaji wametumia kanuni vibaya, na hili halijasemwa. Marekani, kwenye dragi yenyewe, wanaandika namba mbili tofauti: muda wa kuitikia taa na muda wa njia. Katika mbio za ana kwa ana anayevuka kwanza ndiye mshindi, ilimradi hakutangulia taa. Mtu anashindwa akiwa na muda wa njia mzuri kuliko mshindi, na watu hushangilia, kwa sababu mshindi ameshindia mstarini. Muda wa njia peke yake ni wa kupangia nafasi kwenye mchujo. Dogo wako alishinda.

Zamani walikuwa na mtu wa bendera, kila siku ugomvi. Mwaka 1963 kwenye mashindano makubwa ya Indianapolis wakaanza kutumia nguzo ya taa, wenyewe wanaiita mti wa Krismasi. Taa za njano zinashuka moja moja kwa nusu sekunde, halafu kijani. Kwa madaraja ya juu njano zote zinawaka kwa pamoja na kijani inafuata baada ya sekunde 0.4. Namba zote mbili zinapimwa kwa elfu ya sekunde, kwenye robo maili, mita 400.

#7 FundiMabatini
Mzee, heshima yako. Robo maili ni mita 402. Na yale magari makubwa yanayochoma nitro hayakimbii tena 402, tangu 2008 yanakimbia futi 1,000, kama mita 305, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwenye mashindano mwaka huo.

#8 MzeeWaCapriPoint
Nimepokea, fundi.

#9 DadaKirumba
Samahani, kuitikia bora kabisa si 0.500? Niliwahi kuona hivyo kwenye video za zamani.

#10 MzeeWaCapriPoint
Uliona sahihi mwanangu. Zamani walihesabu tangu njano ya mwisho, kwa hiyo 0.500 ilikuwa ndiyo ukamilifu, na 0.400 kwa mti wa haraka, ule wa njano zote kwa pamoja. Siku hizi wanahesabu tangu kijani, ukamilifu ni 0.000. Ukiwahi hata kwa elfu moja, taa nyekundu, umetoka.

#11 MtuWaNyegezi
0.000? Hakuna binadamu wa hivyo. Kwenye riadha ukiondoka chini ya 0.100 wanakutoa. Devon Allen mwaka 2022 kule Eugene alitolewa fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa 0.099. Elfu moja tu ya sekunde!

#12 MwalimuFizikia
Mkimbiaji hajui bunduki italia lini. Wa dragi anajua, njano imeshamwambia. Hangoji kijani, anaondoka na njano ya mwisho, na mwili wake na chombo vinachukua muda hadi tairi liachie mwale. Akipatia, mwale unaachiwa kijani ikiwaka. Mtoa mada, kwenu kulikuwa na njano?

#13 KakaWaIgoma
Mbili, halafu kijani.

#14 BodaWaBuzuruga
Basi jibu ni hilo, wakuu. Dogo ni boda?

#15 KakaWaIgoma
Ndiyo, kijiwe cha Igoma.

#16 BodaWaBuzuruga
Sisi njano ndiyo kijani yetu. Yule mwingine atakuwa ni mtu wa ofisini, kangoja kijani kama alivyofundishwa.

#17 MamaWawili
Na ndiyo maana tunawazika. Mbio fanyieni huko kwenye barabara iliyofungwa, njano ya mjini simameni. Nimeuguza kijana wa dada yangu miezi minne mguu ukiwa na vyuma.

#18 BodaWaBuzuruga
Pole mama. Nimesikia.

#19 FundiMabatini
Turudi mstarini. Hizo 0.27 mnambebesha mtu wa watu zote kwamba kalala, wakati kuna kitu kingine: mlijipangaje? Ukichungulia mwale, yaani ncha ya tairi imeugusa tu, pikipiki ina nafasi ya kusogea kabla saa haijaanza. Umeshaanza kuchanganya mwendo, saa bado imelala. Ukizama ndani, ukasogea mpaka mwale uko karibu na mwisho wa tairi, ukitikisika tu saa imeanza, na pikipiki bado haijapata nguvu. Aliyezama anaitikia taa vizuri kwenye karatasi, ila muda wake wa njia unakuwa mbaya. Aliyechungulia ni kinyume chake. Marekani kuna mwale wa kwanza wa kumtahadharisha dereva, sentimita 18 nyuma ya mwale wa saa, ili ajue amekaa wapi.

Dogo alikaaje?

#20 KakaWaIgoma
Alisogea sana. Aliniambia anataka awe karibu na mwisho wa safari.

#21 MwalimuFizikia
Fundi umefungua mlango. Tuseme 150 inaanza kwa kuongeza mita 3.5 kwa sekunde kila sekunde. Aliyebakiwa na sentimita 30 za bure, yaani za kusogea kabla saa haijaanza, anazitumia kwa sekunde 0.41. Aliyebakiwa na 10 anazitumia kwa 0.24. Tofauti ni 0.17, na hakuna aliyelala. Faida halisi aliyoipata dogo kwa kusogea ni zile sentimita 20 tu, ambazo kule mwisho hazifiki hata mia moja ya sekunde. Kwa hiyo kati ya 0.27, taa na binadamu wanabaki na 0.10 hivi.

#22 DadaKirumba
Nilikuwepo na nina video. Nimeipeleka picha kwa picha: tairi la mwenzake linaanza kuzunguka picha tatu baada ya la dogo. Simu yangu inachukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo 0.10. Mwalimu, umepiga ramli?

#23 FundiMabatini
Video hiyo ni ya kwenye simu yako au uliyotumiwa WhatsApp?

#24 DadaKirumba
Nilitumiwa.

#25 FundiMabatini
Dada, hiyo imebanwa, picha nyingine zimerukwa. Tatu inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa tano. Na aliyepiga alisimama wapi? Kama hakuwa sawa na mstari, hata ile nusu ya pikipiki inabadilika.

#26 DadaKirumba
Upande wa kulia, kama hatua saba kabla ya mstari wa mwisho.

#27 MtuWaNyegezi
Haya, sasa hata kuvuka kwanza kumeingia shaka. Mtoa mada atatukimbia.

#28 KakaWaIgoma
Sikimbii. Mimi nilisimama palepale kwenye mstari, na nusu ya pikipiki niliiona. Halafu kuna mzee alikuwa mwisho na stopwochi yake, alipata 11.9 kwa dogo. Hiyo inatoka wapi?

#29 NansioKwetu
Hiyo naijua mimi. Kwetu Ukerewe tulikuwa na mbio za mitumbwi, makasia, kutoka boya hadi ufukweni. Filimbi inapigwa majini, mwenye saa yuko ufukweni anasubiri sauti. Mwaka mmoja upepo ukageuka, filimbi hatukuisikia kabisa, tukaona tu maji yanaruka. Tangu hapo mpiga filimbi anainua kasia jekundu, na mwenye saa anaangalia kasia, filimbi ni ya wapiga makasia. Mzee wako aliwasha saa alipowaona wanaondoka au alipowasikia?

#30 KakaWaIgoma
Vumbi lilikuwa jingi. Aliniambia alisikiliza injini.

#31 MwalimuFizikia
Nansio, hiyo ni hazina. Shuleni tunawafundisha watoto hivyohivyo: washa saa ukiona moshi wa bastola, usingoje mlio. Sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu. Mita 201 inachukua 0.58. Ongeza kidole cha mzee, kama 0.2. Weka juu ya 11.9, unapata karibu 12.7 tangu dogo atikisike. Toa 12.41 ya mashine, inabaki 0.29 ya kusogea kabla ya kuachia mwale. Alikuwa na kama sentimita 15 za bure. Inakubaliana na aliyejisogeza.

#32 MtuWaNyegezi
Mwalimu, kwa heshima. Kidole cha mzee umekipa 0.2 kwa sababu inafaa hesabu yako. Ukikipa 0.3 hesabu inakwenda kwingine. Na wakati wa kusimamisha, mtu anamwona pikipiki anakuja, anabonyeza mapema. Kwenye riadha muda wa mkono wa mita 100 unaongezewa 0.24 ndipo ulinganishwe na wa umeme. Unapima mchele kwa mizani ya magunia.

#33 MwalimuFizikia
Pigo nimelipokea. Kwamba ni ushahidi dhaifu, sawa. Kwamba si ushahidi, hapana.

#34 SeremalaWaIlemela
Nimesoma uzi mzima. Nani ametazama nguzo zenyewe za mwale? Ile barabara nimeipita, upande wa kulia udongo umeliwa na mvua. Kama nguzo za kulia walizipandisha kwa mawe, mwale wa dogo ulikuwa juu kuliko wa mwenzake. Tairi ni duara. Mwale ukiwa chini unakata kipande kifupi cha duara, ukiwa juu unakata kirefu. Boxer tairi la mbele ni 2.75-17, kipenyo kama sentimita 57. Mwale wa sentimita 5 kutoka chini unazibwa kwa urefu wa 32. Wa sentimita 12 unazibwa kwa 46. Kwa hiyo wa juu ana sentimita 14 zaidi za bure. Dogo ndiye aliyependelewa, akashindwa hata hivyo!

#35 KakaWaIgoma
Aisee. Kweli waliweka mawe upande wetu, nakumbuka.

#36 FundiMabatini
Seremala hesabu yako ni ya gurudumu la mbao. Nipe dakika ishirini.

#37 FundiMabatini
Nimerudi. Nimeisimamisha Boxer ya mteja hapa gereji kwa stendi ya kati, nikachukua tochi ndogo ya leza ya kuchezea paka, nikaiweka juu ya kipande cha tofali, upande wa pili boksi jeupe. Sentimita 5 kutoka chini: nikisogeza tochi kutoka ncha hadi ncha, boksi ni giza mwanzo mwisho, mpira mtupu. Nikaipandisha sentimita 12. Giza, giza, halafu nukta nyekundu ikatokea kwenye boksi. Mwale umepita ndani ya ringi, katikati ya spoku. Nimepima: kutoka ncha ya mbele ya tairi mpaka nukta inatokea ni sentimita 12 kasoro kidogo. Kisha mwanga, na spoku moja moja inakatiza, kisha giza tena sentimita 12 upande wa nyuma.

Kwa hiyo mwale wa juu haukupi 46 za bure. Unakupa 12 tu. Saa inaanza mwale unapoingia kwenye pengo la ringi. Mwenye mwale wa chini ana 32 nzima. Seremala, uliyesema kapendelewa siye.

#38 SeremalaWaIlemela
Nimevua kofia, fundi. Hilo pengo sikulifikiria.

#39 MwalimuFizikia
Sentimita 12 ni sekunde 0.26. Sentimita 32 ni 0.43. Tofauti 0.17! Ileile ya kujipanga.

#40 MtuWaNyegezi
Ngojeni. Hamuwezi kuzitumia zote mbili. Kama mwale ulikuwa juu, dogo asingeweza kuzama. Angesogea sentimita 12, mwale ungepita kwenye pengo, taa ya kujipanga, ile inayowaka tairi likiziba mwale, ingezimika, angerudi nyuma. Chagueni: alizama au nguzo ilikuwa juu.

#41 KakaWaIgoma
Wakuu, mwili umenisisimka. Wakati dogo anajipanga, kale kataa kadogo ka kujipanga ka njia yetu kaliwaka, kakazimika, kakapepesa, kakawaka tena, ndipo mwenye bendera akamwambia simama hapohapo. Mimi nilidhani waya umelegea. Nilimwambia hata jirani yangu.

#42 FundiMabatini
Hakuzama juu ya mpira wa mbele. Alipita ukanda wa mbele, akapita pengo, spoku zikawa zinakata mwale ndiyo hiyo kupepesa, akasimama kwenye ukanda wa nyuma wa tairi. Vyote viwili vimetokea. Huko nyuma nako alikuwa na sentimita 12 kushuka chini.

#43 MzeeWaCapriPoint
Na usisahau, pikipiki ikinyanyua tairi la mbele wakati wa kuondoka, mwale unaachiwa kabla haijasogea. Dogo alinyanyua?

#44 BodaWaBuzuruga
Boxer 150 inyanyue? Labda ipakiwe sangara debe mbili nyuma.

#45 VipuriMakoroboi
Mnaongelea tairi siku nzima, hamjauliza saa yenyewe. Vijana waliotengeneza kile kisanduku cha saa walitumia Arduino, kale ka kompyuta kadogo ka wabunifu, nimeiona. Ile Uno ya kawaida saa yake haitumii kioo cha kwatsi, inatumia kipande cha kauri, na kinaweza kukosea hadi nusu ya asilimia. Sekunde 12.41, nusu asilimia ni 0.06. Na kama kipokezi cha mwale ni LDR, kile kipande kinachobadilika kwa mwanga, kinaitika kwa uzito, makumi ya milisekunde, hasa kutoka mwanga kwenda giza.

#46 MwalimuFizikia
Ila kama kisanduku ni kimoja kwa njia zote, kosa ni moja kwa wote. Muda wa wote wawili si kweli, tofauti yao karibu ni kweli. Mshindi habadiliki.

#47 VipuriMakoroboi
Vilikuwa viwili. Nilishika waya mwenyewe.

#48 DadaKirumba
Kilikuwa kimoja. Cha pili kilikuwa betri, kwenye video kinaonekana kimefunikwa kanga.

#49 VipuriMakoroboi
Betri haina taa ya kijani inayomemeta, dada yangu.

#50 MtuWaNyegezi
Ikiwa viwili, kimoja kikiwahi nusu asilimia na kingine kikichelewa nusu, hapo pana 0.12 mezani na hesabu zote za juu zinapungukiwa au kuzidi. Nilisema tangu posti ya pili: saa mbovu.

#51 MwalimuFizikia
Ulisema bila sababu. Sasa umeletewa sababu na wengine.

#52 MzeeWaCapriPoint
Mimi narudi palepale. Hata saa ingekuwa ya dhahabu, anayevuka kwanza bila kutangulia taa ndiye mshindi. Kubishana kuhusu kauri na spoku ni kuzuri, ila aliyedhulumiwa kadhulumiwa na kanuni.

#53 NansioKwetu
Mzee, kama walitangaza kabla kuwa wanapanga kwa muda, kanuni ni yao. Walitangaza?

#54 KakaWaIgoma
Walisema "tunaangalia muda". Kila mtu akaelewa alivyoelewa.

Wakuu, nimempigia mmoja wa walioandaa, mtu muungwana tu. Anasema nguzo hawajazifungua, ziko store na mawe yake. Kesho asubuhi nakwenda na futi, na dogo anakuja na Boxer. Nimemsomea posti ya fundi kuhusu pengo la ringi, ameinuka kitandani akaenda kuikagua pikipiki na tochi saa hii, usiku huu.

#55 FundiMabatini
Safi. Pima urefu wa nguzo zote nne, si mbili. Na uliza jambo moja: mwenzake ringi yake ya mbele ni ya spoku au ya sahani, ile ya kipande kimoja yenye mikono?

#56 KakaWaIgoma
Ya sahani. Kwa nini?

#57 FundiMabatini
Mikono ya sahani ni mipana, inaziba mwale kivyake. Usipime kitu mpaka nifike. Natoka Mabatini saa moja.